Kupima Akili ya Mzee Asiyeshika Kalamu

Katika gazeti letu la muhula huu nataka kueleza jambo moja ambalo wanafunzi wangu wameniuliza mara nyingi katika somo la bayolojia: mzee anapoanza kusahau, twajuaje kuwa ni uzee tu, na twajuaje kuwa ni ugonjwa?

Swali hili si la darasani tu. Wengi wetu kwetu ni Mlandizi, Ruvu, Soga, Maneromango na Mzenga, na katika nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe yupo babu au bibi. Tena siku hizi viwanja vimepanda bei huku kwetu, na shamba la mikorosho ambalo zamani halikuwa na mnunuzi leo lagombaniwa. Mzee ambaye akili yake imeanza kupotea aweza kutia dole gumba katika karatasi asiyoielewa. Na mzee mwenye akili timamu aweza kuzushiwa na watoto wake kuwa amechanganyikiwa, ili wapate kuuza bila ya ridhaa yake. Basi kupima akili ya mzee ni jambo la haki, kama ilivyo mizani ya dukani. Mizani ikiwa mbovu, yupo mtu atakayedhulumiwa.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili. Uzee hupunguza mbio za akili. Mzee hulitafuta jina la mtu, akalikosa, na baada ya saa moja likamjia. Huo si ugonjwa. Lakini bibi aliyepika wali miaka hamsini, akisimama mbele ya chungu asijue lianze lipi, au babu akipotea katika njia ya kisimani anayoipita kila siku, hapo yafaa tushtuke. Hali hii wataalamu huiita demensia. Si ugonjwa mmoja, bali ni mkusanyiko wa dalili wenye asili nyingi. Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza wenzake habari za mwanamke mmoja aliyepoteza kumbukumbu. Alipokwisha kufa, daktari huyo alikuwa ameuchunguza ubongo wake na kuona mabadiliko ndani yake. Ugonjwa huo mpaka leo waitwa kwa jina lake. Asili nyingine kubwa ni mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, hasa kwa watu wenye shinikizo la damu.

Sasa, daktari atajuaje? Katika zahanati zetu hakuna darubini ya kutazama ndani ya akili. Silaha kubwa ni maswali. Kipimo kilichoenea sana duniani kilitungwa Marekani mwaka 1975, nacho kina alama 30. Ndani yake mtu hutakiwa kuandika sentensi, kunakili picha ya maumbo mawili yenye pembe tano, na kutoa saba katika mia, kisha saba tena, na kuendelea hivyo. Mtoto wa kidato cha kwanza atayafanya hayo bila ya shida. Lakini mpe bibi ambaye tangu kuzaliwa hajashika kalamu. Atashindwa, na karatasi itasema ana ugonjwa, kumbe alichokosa ni shule tu.

Tena tufikiri juu ya wazee wa pwani yetu. Yupo mzee ambaye hakuingia shule ya serikali, lakini alihitimu Kurani chuoni na anasoma herufi za Kiarabu vizuri. Mtu wa kujaza fomu aweza kumwandika kuwa hakusoma. Ukimwuliza mwezi, pengine atakujibu kuwa ni mfunguo tano, na kweli ni mfunguo tano. Lakini kama mwenye kuuliza ajua miezi ya Kizungu tu, atampa sifuri. Hata saa zina mtego wake, maana saa moja yetu ya asubuhi kwa Mzungu ni saa saba. Ni nani hapo asiyejua, mwulizwa au mwulizaji?

Taabu hii haikuwa ya Tanzania peke yake. Wataalamu wa Ibadan, Nijeria, wakishirikiana na wenzao wa Indianapolis, Marekani, walitunga kipimo ambacho hakitegemei sana kusoma na kuandika. Walifanya jambo moja la busara: pamoja na kumwuliza mzee mwenyewe, walimwuliza pia ndugu anayekaa naye. Maana mzee aweza kushindwa maswali ya mgeni kwa haya au kwa uziwi, lakini anayekaa naye ndiye ajuaye kama mwaka jana aliweza kuhesabu chenji na mwaka huu hawezi.

Kipimo hicho kililetwa nchini kwetu, katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Huko Daktari Richard Walker wa Uingereza, Daktari Stella-Maria Paddick, mtafiti Aloyce Kisoli na wenzao walipita katika vijiji sita, wakawapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, nayo yalionyesha kuwa watu kama sita katika kila mia wa umri huo walikuwa na demensia. Basi wale waliokuwa wakisema kwamba maradhi haya ni ya Ulaya tu walipata jibu.

Lakini kazi iliyonipendeza zaidi ni ile iliyofuata. Walichagua maswali machache yaliyo bora, wakatengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA, chenye alama 15, ambacho kilitangazwa mwaka 2014. Mzee huulizwa daraja ni kitu gani. Huombwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Huulizwa leo ni siku gani, na kiongozi wa kijiji chake ni nani. Husomewa maneno kumi, na baadaye huulizwa anayakumbuka yapi. Mwisho hupewa njiti za kiberiti azipange kama alivyoonyeshwa.

Tazameni uzuri wake. Hakuna hata swali moja linalotaka kalamu. Swali la daraja hupima kufikiri. Wanyama hupima wepesi wa akili kuchota maneno. Maneno kumi hupima kumbukumbu mpya, ambayo aghalabu ndiyo hutangulia kupotea. Na njiti hupima jicho na mkono kufanya kazi pamoja. Kila mwanamke aliyewasha moto jikoni amepata kushika njiti ya kiberiti. Muuguzi wa zahanati aweza kufundishwa kukitumia, na gharama yake si kubwa.

Hata hivyo tusidanganyike. Kupata alama chache si hukumu, bali ni ishara kwamba mzee apelekwe kwa daktari. Homa kali, dawa zilizozidi, upungufu wa vitamini, huzuni ya kufiwa, masikio mazito na mtoto wa jicho, yote haya yaweza kumfanya mzee aonekane amepotewa, na mengi kati ya hayo yana tiba. Tena kipimo kilichojaribiwa kwa wazee wa Hai chapasa kujaribiwa kwa Wazaramo na wenzao wa Pwani kabla ya kukitegemea kabisa.

Lipo na jambo jingine ambalo wanafunzi wangu hupenda kulibishania. Kukosa shule humfanya mtu ashindwe kipimo kibaya. Lakini pia kukosa shule kwenyewe huongeza hatari ya demensia. Mwaka 2024 kamati ya wataalamu iliyoitishwa na gazeti la madaktari la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari hiyo, na miongoni mwake ni elimu haba utotoni, shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara na uziwi usiotibiwa. Akili inayofanyishwa kazi tangu ujana hujiwekea akiba. Basi ninyi mnaolalamikia hesabu, jueni kwamba mnaweka akiba ya miaka sabini ijayo.

Je, mzee akionekana kweli anayo demensia, tufanyeje? Dawa ya kuiondoa haijapatikana. Lakini huko huko Hai, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2017, wazee 34 walikusanywa katika vikundi mara mbili kwa wiki, mikutano 14 kwa jumla, wakazungumza, wakacheza na kukumbushana mambo, na hali yao ya akili ikapata nafuu. Hapana mashine iliyotumika. Lililotumika ni mazungumzo, na mazungumzo hata sisi tunayo.

Kwa hiyo nawaomba wazazi na wanafunzi mambo matatu. Mzee akianza kusahau, msimcheke wala msiseme amerogwa au yeye ni mchawi; mpelekeni hospitali, na aende pamoja na mtu anayekaa naye. Pili, mzee asitiwe mbele ya karatasi ya kuuza ardhi mpaka ijulikane kuwa anaelewa anachokitia dole; na asinyimwe sauti yake kwa uvumi tu. Tatu, likizo ijayo kaeni na wazee mwaulize walikuwa wapi siku ya uhuru mwaka 1961, na walifanya nini wakati wa Operesheni Vijiji. Wao watapata mazoezi ya akili, na ninyi mtapata historia ambayo haimo katika vitabu vyetu.