Mkandaa Usiopandwa na Mtu

Upande wa bara wa msitu wa mikoko wa Gazi, Kaunti ya Kwale, kuna uwanja mtupu ambao maji ya bahari huufikia wakati wa bamvua tu. Siku zilizobaki jua huukausha mpaka chumvi ikatanda juu ya udongo. Kwenye uwanja huo umesimama mchu mfupi, mmoja wa miti ya jamii ya mikoko, matawi yake yametanuka na kushuka hadi karibu na ardhi. Nje ya kivuli chake hakuna kilichoota. Ndani ya kivuli kuna miche ya mikandaa, mikoko ya aina nyingine, mingi, imebanana, majani yake yamekoza ukijani. Ukitazama ilipokomea, utaona imefuata ukingo wa matawi ya mchu na haikuuvuka.

Nilikuwa nimekwenda Gazi kufuatilia habari za biashara ya hewa ya ukaa. Miche ile ikanishika na haijaniachia. Nilimuuliza mama aliyekuwa akinitembeza ni kikundi gani kilichoipanda. Yeye ni mpandaji mikoko wa siku nyingi, na ameomba jina lake lisichapishwe.

“Hakuna aliyeipanda, mwanangu,” alisema. “Bamvua linaleta mbegu, linazitapanya uwanja mzima. Zinaanguka huku, zinaanguka kule. Zinazopona ni zile zilizopata mchu wa kuzipokea.”

Alichutama, akaniambia niweke kiganja juani, juu ya udongo. Ulikuwa wa moto, na gamba lake la juu lilivunjika vipande vipande. Kisha akaniambia nikiweke chini ya mchu, hatua chache tu kutoka pale. Udongo ulikuwa na ubaridi na unyevu, na kidole kiliingia bila shida. Mizizi ya mchu ilikuwa imechomoza wima kutoka ardhini, myembamba, maelfu kwa maelfu, na katikati yake zilikuwa zimenasa mbegu za mkandaa, nyembamba na ndefu, pamoja na majani yaliyooza. Kulikuwa na vishimo vya kaa. Mama akachuma jani la mchu, akaligeuza. Chini yake kulikuwa na punje za chumvi zinazoonekana kwa macho.

“Huyu anakunywa chumvi halafu anaitema,” alisema. “Ndiyo maana anaweza kukaa mahali wenzake hawakai. Wenzake wanakuja akishawatengenezea.”

Kila alichonionyesha kina kazi yake. Kwenye uwanja ulio wazi, maji hukauka haraka na chumvi hubaki, hadi udongo ukawa na chumvi kali kuliko bahari yenyewe. Mche mchanga, hata wa mti uliozoea chumvi, hauwezi kuvuta maji hapo. Kivuli hupunguza joto, joto likipungua maji hayakauki upesi, na chumvi haijikusanyi kama kwenye uwanja ulio wazi. Mizizi ya mchu huingiza hewa ndani ya tope lisilo na hewa, nayo huzuia mbegu zisirudi na maji. Mti mmoja unabadilisha ardhi iliyo chini yake, na mabadiliko hayo yanautosha mti wa aina nyingine kabisa.

Uwanja ule haukuwa hivyo tangu zamani. Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi ili kupata kuni za viwandani, na sehemu zilizofyekwa zikabaki wazi. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi mirefu ya kujitegemeza, ukikatwa hauchipui tena. Mchu unachipua. “Shoka likishapita kwenye mkoko, ndiyo basi,” alisema mama. “Mchu, ukiacha kisiki, anarudi. Hawa unaowaona wengi ni waliorudi.”

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, akiwemo Dkt. James Kairo, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Mikoko Pamoja, mradi wa vijiji vya Gazi na Makongeni unaolinda hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu. Fedha zake zimeingia kwenye maji na shule, na mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hayo yameandikwa sana, na yanastahili. Lakini mambo mengine yaliyojulikana hapo hapo Gazi hayajasikika vya kutosha.

Mwaka 2010 watafiti wa KMFRI na wenzao wa Uingereza na Sri Lanka, akiwemo Profesa Mark Huxham wa Edinburgh, walichapisha matokeo ya majaribio katika jarida la Royal Society. Walipanda miche kwa msongamano tofauti, upande wa juu unaokauka, huko Gazi, na upande wa chini unaofunikwa na maji mara kwa mara, huko Sri Lanka. Pande zote mbili, miche iliyobanana ilipona zaidi kuliko iliyoachiana nafasi. Kwenye ardhi iliyoharibika upande wa juu, viwanja vilivyochanganywa na mchu vilinawiri zaidi. Na chini ya miti iliyokwisha kukua ilianza kujileta miche ya aina nyingine, hasa mkandaa.

Upande wa maji msaada una sura nyingine. Huko adui ni wimbi na kuzama. Nchini Sri Lanka, katika eneo la Puttalam, watafiti walilinganisha viwanja vyenye miche ipatayo 7 kwa mita moja ya mraba na vile vyenye mmoja hivi. Palipobanana pakanasa tope zaidi, ardhi ikainuka zaidi, na miche mingi zaidi ikabaki hai. Miti michanga iliyokaa pamoja ilijijengea sakafu.

Msaidizi si lazima awe mkoko. Nchini Belize, kwenye visiwa vya Karibi, imeonekana kwamba majani mafupi yanayostahimili chumvi hutangulia kwenye ardhi iliyofyekwa, yakanasa mbegu za mikoko na kuzipunguzia joto. Sisi tungeyang’oa kwa kuyaita magugu.

Nilimsomea mama mambo haya. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka kidogo, akasema hayo ya kubanana yalimchukua muda kuyakubali.

“Tulipoanza tulifundishwa kamba. Unavuta kamba, unapanda mche, unapiga hatua, unapanda mwingine. Safu zinanyooka, wageni wakija wanapiga picha, wanafurahi. Nami niliona sawa, maana ndivyo tunavyopanda mahindi. Muhindi unataka nafasi yake. Lakini mahindi unayapeleka kwenye shamba ulilolima. Huku hakuna aliyelima. Unaupeleka mche kwenye chumvi na jua, halafu unaunyima jirani.”

Siku hizi akipewa nafasi ya kuamua hupanda kwa mafungu. Hutafuta kwanza mchu ulionusurika, hata kama ni kisiki kinachochipua, na kuanzia hapo kwenda nje, miche ikikaribiana. Pasipo na mchu, huanza na mchu. Mkandaa hufuata kivuli kikishapatikana, na mara nyingi, asema, hufika bila kuitwa.

Nilipenda kuamini kwamba hadithi inaishia hapo, miti ikisaidiana na watu wakijifunza kutoka kwayo. Mama hakuniachia raha hiyo.

“Wanasaidiana wakiwa kwenye shida,” alisema. “Shida ikipungua, kila mmoja anataka jua lake. Hawa wadogo wakikua watafika juu, watagombana na huyu aliyewalea. Sasa nani atapunguza? Ukikata mkoko unakamatwa. Ukiacha, labda mchu utakufa, labda hautakufa. Mimi sijui. Na wewe ukimpata anayejua, mlete.”

Swali lake ni la kweli. Sheria ilihitajika, kwa sababu mashoka yalikuwa mengi, na bado wapo wanaoingia msituni kutafuta boriti. Lakini sheria inayokataza kukata bila kibali haitofautishi mwizi wa boriti na mama anayetaka kupunguza miche aliyoipanda kwa mkono wake, na anayejua ni upi wa kutoa.

Tena uwanja ukishaachwa bila mti, hausubiri. Utafiti uliofanyika Gazi na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mikoko ikikatwa au kuchunwa magome, ardhi huzama haraka, kwa sababu mizizi iliyokuwa ikiishikilia inaoza. Bahari nayo inapanda. Kila mwaka wa kusubiri unaweza kuigeuza ardhi iliyokuwa ikingoja mkandaa kuwa ardhi isiyofaa mti wowote ulio karibu nayo. Wapo wanaosema tuiache bahari yenyewe ilete mbegu, na kweli pengine hiyo ndiyo njia bora. Ila bahari huleta mbegu mahali penye wa kuzipokea. Pasipo na mchu hata mmoja, zinakaushwa na jua palepale zilipoangukia.

Kwenye pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Vanga na kuvuka mpaka hadi Rufiji, mamilioni ya miche hupandwa kwa shangwe. Ripoti huhesabu iliyopandwa. Ningependa kuona ripoti inayohesabu mchu ulionusurika kabla ya mche wa kwanza kuingia ardhini, na inayoeleza nini kilifanywa kuulinda. Ningependa bajeti iwe na fungu la miaka ya kivuli, miaka ambayo hakuna cha kupiga picha, mchu unakua tu. Miti inayofungua njia haina sifa sokoni: mchu haunyooki kama mkandaa, haupendwi na wajenzi, na kwenye orodha nyingi za kupanda hutajwa mwishoni, ukitajwa. Bila yake, hekta nyingi za uwanja wa chumvi zitaendelea kumeza miche na fedha kila msimu wa mvua.

Nilimuuliza mama atafanyaje wafadhili wakija tena na kamba yao.

“Nitawaambia mchu kwanza, halafu tungoje. Wao wanataka miche mingi kabla ya mwaka wao wa fedha kuisha. Mimi nataka msitu. Kama watanikubalia, utakuja kuuliza mwakani.”