Njia za Kujenga Barabara na Suala la Nani Abebe Hasara

Katika mikutano ya mashina na matawi ya wilaya za Nachingwea na Ruangwa, liko swali ambalo kada hawezi kulikwepa. Mwezi Juni 2023 Serikali ilitia saini mikataba ya barabara 7 zenye jumla ya kilomita 2,035, na mojawapo ni ile ya Masasi–Nachingwea–Liwale, kilomita 175. Wananchi walielezwa kwamba makandarasi watakuja na fedha zao. Mkulima wa Lionja anauliza: ikiwa mkandarasi anakuja na fedha zake, kwa nini saini haikugeuka lami mara moja? Na fedha hizo akishazitoa, nani atamrudishia?

Kada anayejibu kwa kusema “subirini” hajajibu kitu. Makala haya yanakusudia kueleza njia mbalimbali za kutoa kazi za barabara za umma, ili makada na wanafunzi waweze kuzichambua kwa msimamo wa wakulima na wafanyakazi.

Mkataba Hugawa Kazi na Hugawa Hasara

Barabara yoyote inahitaji mambo matano: kuisanifu, kuitafutia fedha, kuijenga, kuitunza, na kubeba hasara endapo mambo yataharibika. Njia zote za mikataba, hata zikiitwa kwa majina mazito kiasi gani, hutofautiana katika jambo moja tu: nani amepewa lipi kati ya hayo matano. Kwa hiyo mkataba si karatasi ya wataalamu peke yao. Ni uhusiano kati ya umma na mwenye mtaji.

Nachingwea ina historia ya kutufundisha jambo hili. Mwaka 1947 wakoloni wa Kiingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwanzoni usimamizi ulikabidhiwa kampuni ya United Africa, tawi la Unilever, kabla ya shirika la Serikali ya Uingereza kuuchukua mwaka 1948. Bandari ilijengwa Mtwara na reli ikaletwa hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung’olewa. Mambo matatu yalikosewa: kazi iliendeshwa mbio kabla ya ardhi kupimwa vizuri, njia ilijengwa kwa ajili ya zao moja la mgeni, na hasara iliangukia walipa kodi na wenyeji, siyo wale waliopanga.

Njia Tano Kuu

(a) Njia ya kawaida. Serikali husanifu kwanza, kisha hutangaza zabuni, na mkandarasi hulipwa kwa vipimo vya kazi aliyofanya. Sifa yake ni kwamba umma unajua unanunua nini. Kasoro yake ni kwamba mkandarasi akishamaliza kipindi cha uangalizi, ambacho mara nyingi ni mwaka mmoja, uimara wa barabara haumhusu tena. Tena Serikali ikichelewa kulipa hati za malipo, riba huongezeka na greda husimama porini.

(b) Kusanifu na kujenga kwa mkono mmoja. Hapa mkandarasi mmoja huchora na kujenga kwa bei iliyokubaliwa. Muda hupungua, na mkandarasi hawezi tena kumsukumia mhandisi wa michoro lawama. Lakini anayelipwa bei ileile iwe tabaka la kokoto ni nene au jembamba, hushawishika kulipunguza. Njia hii inadai msimamizi wa umma mwenye ujuzi na asiyenunulika.

(c) Kusanifu, kununua vifaa, kujenga na kugharamia. Hii ndiyo inayojulikana kwa herufi EPC+F, nayo ndiyo iliyotumika katika mikataba ya mwaka 2023. Hapa panahitaji ufafanuzi. Mkandarasi hana sanduku la fedha nyumbani kwake. Huenda benki kukopa, na benki hudai uthibitisho kwamba Serikali italipa. Kati ya saini na lami kuna mazungumzo ya riba, muda wa kulipa na dhamana, nayo yanaweza kuchukua muda mrefu au kukwama. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza la mkulima wetu. Jibu la swali la pili ni kwamba atakayelipa ni yeye mwenyewe, kwa njia ya kodi. Tuchukue mfano wa kufikirika: kazi ya shilingi bilioni 100, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ikilipwa yote kwa pamoja baada ya miaka mitano, deni litafika karibu bilioni 147. Huu ni mkopo uliovaa kofia ya mkandarasi.

Hata hivyo tusikimbilie kusema ni njia mbaya. Kusubiri nako kuna gharama. Kama barabara itainua kipato cha wilaya tatu kwa kiasi kinachozidi riba, kukopa ni busara. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilijengwa kwa mkopo wa China. Lakini mkopo ule haukuwa na riba, na uliambatana na mafunzo kwa wafanyakazi wetu. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza kila mara tunakopa kwa masharti gani.

(d) Ubia na sekta binafsi. Mwekezaji hujenga, hutoza wapitao kwa miaka kadhaa, kisha hukabidhi. Nairobi wana barabara ya juu ya kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022, ambayo kampuni ya Kichina inaiendesha kwa kutoza magari ushuru. Inafaa palipo na msururu wa magari. Njia ya kijijini ambako gari la mzigo hupita kwa msimu haiwezi kumlipa mwekezaji. Anayeahidi ubia huko anawadanganya wananchi.

(e) Mkataba wa matokeo. Hapa mkandarasi halipwi kwa idadi ya malori ya kifusi, bali kwa hali ya barabara kwa miaka kadhaa: mashimo hayapo, mitaro iko wazi, gari linapita masika na kiangazi. Argentina ilieneza njia hii katika miaka ya 1990. Ubora wake ni kwamba faida ya mkandarasi inafungwa pamoja na masilahi ya mpita njia.

Nguvu za Wananchi

Zaidi ya hizo iko njia yetu ya asili, yaani kazi za mikono zenye utaalamu. Kenya ilianza mpango mkubwa wa barabara za vijijini kwa nguvu kazi mwaka 1974. Hapa kwetu Mbeya kina chuo cha kufundisha teknolojia hiyo. Kusafisha mitaro, kufyeka kando ya barabara, kuziba mashimo kwa moramu na kuzibua makalavati hakuhitaji mtaji wa benki. Kunahitaji jembe, toroli, kiongozi aliyefunzwa na malipo ya wakati. Sheria ya ununuzi inataka sehemu ya ununuzi wa umma, asilimia 30, itengewe vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Katika barabara za TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, mlango huu upo.

Tuangalie faida yake kwa mfano wa korosho na ufuta. Mazao ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale hukusanywa na vyama vya msingi na kuuzwa kwa mnada kupitia chama kikuu cha RUNALI. Mzigo ukikwama kwenye kalavati lililovunjika, gharama ya usafiri hupanda, na hatimaye humshukia mkulima. Shilingi inayolipwa kwa kikundi cha kijiji kuzibua kalavati hilo hufanya kazi mara mbili: hubaki kijijini kama ujira, na huokoa bei ya mazao.

Lakini tuonye. Nguvu za wananchi zisiwe kisingizio cha kuwatwisha wanyonge kazi ya bure. Tangu mwaka 2021 kila lita ya petroli na dizeli iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Abiria wa bodaboda wa Lionja amekwisha kuchangia. Anapofanya kazi, alipwe.

Wajibu wa Kada

Ni dhahiri kwamba hakuna njia moja ya kufaa mahali pote. Barabara kuu ya kuunganisha mikoa yaweza kustahili mkopo, endapo masharti ni ya haki. Barabara ya wilaya yafaa mkataba wa matokeo, upewe makandarasi wa Kitanzania. Njia ya kijiji kwenda ghalani yafaa vikundi vya wananchi chini ya fundi. Kosa ni kutumia dawa moja kwa magonjwa yote.

Kabla ya kuisifu au kuilaumu barabara yoyote, kada aulize maswali haya:

1. Nani amesanifu, na nani amekagua usanifu huo kwa niaba ya umma?
2. Fedha ni za nani, kwa riba gani, na zitalipwa kutoka wapi?
3. Baada ya utepe kukatwa, nani ataitunza, na kwa fungu lipi?
4. Mvua ikiibomoa, hasara ni ya nani?
5. Vijana wetu watatoka na ujuzi gani, au wataishia kulinda geti la mkandarasi?

Majibu yawekwe wazi kwenye mkutano wa kijiji, kwa lugha ambayo mkulima anaielewa. Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar es Salaam–Lindi mwezi Mei 2024, mikoa ya kusini iliona tena kwamba barabara haimaliziki siku inapozinduliwa. Chama kinachoongoza umma hakiwezi kuridhika na kuhesabu saini. Hakina budi kuhesabu siku ambazo gari la mgonjwa na gari la korosho yamepita bila kukwama, na kumdai kila mwenye mkataba, awe mgeni au mwananchi, siku hizo zitimie.