Lori Linakula Dizeli Kiasi Gani? Daftari Litasema

Ugomvi mwingi baina ya mwenye lori na dereva wake huanzia kwenye tangi la dizeli. Mwenye lori huona gharama ya mafuta ikizidi mwezi hata mwezi, naye humshuku dereva kwamba anafyonza dizeli kwa mpira na kuiuza njiani. Dereva naye huapa kwamba gari ndilo linalokula. Huenda mmoja wao ni mwongo, na huenda wote wawili ni wakweli. Lakini pasipo hesabu iliyoandikwa hakuna mwamuzi. Wazee walikwisha kusema: "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Kupima ulaji wa dizeli si kazi ya fundi peke yake. Mtu yeyote ajuaye kugawanya aweza kuifanya. Kwanza lori lisimamishwe penye pampu, mahali palipo sawasawa, na tangi lijazwe mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza. Ndipo iandikwe namba ya kilomita inayoonekana mbele ya dereva. Baada ya hapo lori lifanye kazi yake ya kila siku, na kila lita itakayoongezwa njiani iandikwe. Mwishowe lirudishwe kwenye pampu ile ile, lijazwe kwa namna ile ile, na namba mpya iandikwe.

Tuseme namba ya kwanza ilikuwa 84,210, na ya pili ni 84,690. Lori limekwenda kilomita 480. Ikiwa lita zilizotiwa njiani pamoja na zile za mwisho ni 120, basi lori hilo linakwenda kilomita 4 kwa kila lita.

Kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Mombasa iko kando ya bahari, na Nairobi iko juu yapata mita 1,700. Lori lililopanda na shehena kutoka pwani halitakula sawa na lile linaloteremka tupu. Kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi ihesabiwe pamoja, na uzito wa mzigo uandikwe kando ya kila hesabu. Yafaa kupima mara tatu au nne kabla ya kuamini wastani. Tena, yakifungwa magurudumu ya kimo kingine, namba ya kilomita haitasema kweli kama zamani.

KUPUNGUZA ULAJI

Wastani ukijulikana, kazi ya kuuboresha huanza, na jambo moja lirekebishwe kwa wakati mmoja ili faida yake ionekane daftarini.

Magurudumu ndiyo ya kutazamwa kwanza. Gurudumu lililopungua upepo huburutwa badala ya kubingirika vyema, na injini hulipa gharama hiyo kwa dizeli. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, magurudumu yakiwa baridi, wala yale ya ndani upande wa nyuma yasisahauliwe, maana hayo ndiyo yasiyoonekana kwa urahisi. Kisha gari liinuliwe kwa jeki na kila gurudumu lizungushwe kwa mkono. Lile lisilozunguka kwa wepesi huenda breki yake inakamata. Chujio la hewa lililojaa vumbi huipunguzia injini pumzi, na moshi mweusi mara nyingi ni dalili yake.

Mwendo nao una gharama yake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo unaolizuia gari huongezeka mara nne. Dereva asiyezidi kilomita 80 kwa saa, ambazo ndizo mpaka wa malori katika sheria ya Kenya, anaokoa dizeli pamoja na roho za watu. Turubai linalopepea lifungwe sawasawa. Tena injini isiachwe ikinguruma bure wakati wa kungojea mzigo, kwa kuwa injini ya lori kubwa yaweza kuchoma lita 2 au 3 kwa saa bila kusogea hata hatua moja.

Liko kosa moja ambalo madereva wengine huliita werevu, nalo ni kutoa gia katika mteremko. Injini za dizeli za siku hizi hukata mafuta zenyewe gari likiteremka ndani ya gia bila dereva kukanyaga mafuta. Gia ikitolewa, injini huhitaji dizeli ili isizime. Tena breki hubaki peke yake kuzuia mzigo wote, hupata moto na kushindwa. Mteremko wa Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, umepata sifa mbaya kwa ajali za malori, na desturi hiyo imetajwa mara nyingi kuwa mojawapo ya sababu.

Faida yake si ndogo. Lori linalokwenda kilomita 2,200 kwa mwezi, likitoka kilomita 4 kwa lita na kufika 4.4, litatumia lita 500 badala ya 550. Kwa mwaka mzima hizo ni lita 600 zilizookolewa.

Na dereva mwaminifu asilichukie daftari. Siku ulaji utakapozidi ghafula, mwenye lori aweza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, aone mabadiliko yalianza lini na mzigo ulikuwa gani, na gari lipelekwe kwa fundi kabla mtu hajaitwa mwizi.