Uthibitishaji wa wazazi wa machotara ya viazi vitamu

Uthibitishaji wa wazazi kwa alama za vinasaba ni njia ya maabara inayotumia tofauti ndogo za DNA kuonyesha kama mche ni mtoto halisi wa mimea miwili iliyokusudiwa kuzalishwa pamoja. Kwa viazi vitamu (*Ipomoea batatas*) kazi hii ni ngumu kuliko kwa mahindi au mpunga, kwa sababu ni mmea wa poliploidi: una seti 6 za kromosomu 15, jumla 90.

Sababu

Watafiti hufunga ua la mama kabla halijachanua ili wadudu wasiliingie, kisha hulipaka chavua ya baba asubuhi. Hata hivyo, nyuki huweza kutangulia, au lebo zikachanganywa. Kosa kama hilo halionekani kwa macho. Kwa kuwa viazi vitamu hupandwa kwa marando, mche usio sahihi ukichaguliwa huzidishwa vilevile ulivyo, na kumbukumbu ya ukoo wake hupotosha uchaguzi wa wazazi wa baadaye.

Katika Afrika ya Mashariki watafiti hutaka kuunganisha katika mmea mmoja ustahimilivu wa virusi na nyama ya rangi ya chungwa, yenye beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mganda Robert Mwanga ni mmoja wa wanasayansi waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi inayohusu viazi hivyo.

Namna inavyofanyika

DNA hutolewa katika majani machanga ya mama, baba na mtoto. Alama mojawapo inayotumika ni mikrosateliti, yaani sehemu ambapo herufi chache za DNA hurudiwa mara nyingi. Idadi ya marudio hutofautiana kati ya mimea. Sehemu hizo huzidishwa kwa njia ya PCR, kisha hutenganishwa kwa umeme kwenye jeli kulingana na urefu na kuonekana kama mistari.

Kusoma matokeo

- Mstari ambao baba anao na mama hana, ukionekana kwa mtoto, huunga mkono ubaba huo.
- Mstari ambao wazazi wote wawili hawana huashiria chavua ngeni au sampuli zilizochanganyika.
- Kukosekana kwa mstari wa baba peke yake hakumkani mtoto.

Sababu ya kanuni ya tatu ni kwamba chavua hubeba seti 3 tu kati ya 6. Kama baba ana nakala 1 ya alama, karibu nusu ya watoto wake hawairithi; akiwa na nakala 2, karibu mmoja kati ya 5 huikosa; akiwa na 4 au zaidi, kwa kawaida wote huipata. Jeli huonyesha kuwa mstari upo, lakini haionyeshi vizuri idadi ya nakala. Kwa hiyo uamuzi hutegemea alama kadhaa kwa pamoja.