Bunduki ya Babu: Kumbukumbu, Hatari na Sheria

Tuseme mzee amefariki, Mungu amrehemu. Baada ya maziko na dua, jamaa wanakaa kuhesabu mali ya urithi: ngamia, ng'ombe, kiwanja cha mjini. Chini ya mikeka kuukuu kinatolewa kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia. Ni bunduki. Kitako chake cha mbao kimepasuka, chuma kimeshika kutu, na hakuna kijana anayejua iliingiaje nyumbani. Mmoja anasema itupwe Mto Tana. Wa pili anasema ni kumbukumbu ya babu, isafishwe na iangikwe ukutani. Wa tatu amesikia kwamba ng'ambo kuna watu wanaonunua vitu kama hivi kwa bei nzuri.

Kila mmoja ana sababu yake, lakini ushauri wa kila mmoja unaweza kuitia familia nzima mashakani. Katika makala haya tunaeleza silaha hizi kuukuu zilitoka wapi, kwa nini wengine duniani huzikusanya, na mkazi wa Garissa anayeikuta moja afanye nini.

Zilifikaje kwetu

Garissa ilikuwa njia ya vita. Mwezi Julai 1940 Waitaliano waliokuwa wakitawala Somalia na Ethiopia waliiteka Moyale, na majeshi ya Uingereza yakajipanga nyuma, Tana ikiwa ngome yao. Mapema mwaka 1941 jeshi hilo lilisonga mbele kutoka upande wa Garissa kupitia Liboi na Afmadow. Ndani yake walikuwemo askari wa King's African Rifles kutoka Afrika Mashariki, askari wa Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana leo, na wa Afrika Kusini. Kismayu ilitekwa tarehe 14 Februari, na Mogadishu tarehe 25 mwezi huohuo. Waitaliano wengi waliletwa Kenya wakiwa mateka. Ndio waliojenga kanisa dogo lililo kando ya barabara ya Mai Mahiu mwaka 1942.

Jeshi likishindwa kwa haraka namna hiyo, silaha hubaki njiani. Nyingine zilikusanywa na washindi, nyingine ziliokotwa, zikauzwa au kufichwa na watu wa pande zote za mpaka.

Bunduki za Uingereza zilikuwa na njia yake. Baada ya vita, aina ya Lee-Enfield iliendelea kutumiwa na polisi na walinzi wa vijiji. Wazee wetu wanaikumbuka kwa jina la "Mark Four", kwa sababu askari wa akiba waliibeba kwa miaka mingi. Kisha zikaja silaha za kisasa zaidi. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, maghala ya jeshi la Somalia yalivunjwa na bunduki zikatapakaa eneo zima.

Jinsi zinavyotambuliwa

Bunduki ya Kitaliano iliyoenea wakati ule ni Carcano ya muundo wa 1891, ya risasi za milimita 6.5. Risasi zake sita hupangwa katika kibanio cha chuma, nacho kibanio hudondoka kwa chini zikiisha. Lee-Enfield hutumia risasi ya .303, yaani takriban milimita 7.7, na magazini yake hubeba risasi kumi. Zote mbili hufyatua risasi moja kwa wakati, kisha mpigaji huvuta komeo kwa mkono ili kuingiza nyingine.

Maandishi yaliyogongwa kwenye chuma husimulia mengi. Lee-Enfield zilitengenezwa Uingereza, lakini pia Ishapore nchini India, Lithgow nchini Australia na Long Branch nchini Kanada. Jambo moja huwachanganya wengi: mwaka wa muundo si mwaka wa kutengenezwa. Carcano "ya 1891" inaweza kuwa ilitoka kiwandani mwaka 1938.

Tunaeleza haya ili ujue unachokiona. Usiishike wala kuifungua ili kuhakikisha.

Wanaozikusanya

Katika nchi kama Uingereza na Marekani, kukusanya bunduki za vita vya zamani ni jambo la watu wanaopenda historia. Mkusanyaji hutafuta bunduki ambayo namba ya komeo lake inalingana na ile ya mwili wake, maana hiyo ni ishara kwamba sehemu hizo zimekaa pamoja tangu kiwandani. Huipaka mbao mafuta ya kitani na kuondoa kutu polepole, bila kufuta alama za zamani. Wengine huzipeleka kwenye viwanja vya shabaha. Uwanja wa Bisley, ulio kusini mwa Uingereza, umekuwa ukifanyiwa mashindano ya shabaha tangu 1890, na bunduki za kihistoria zina mashindano yake.

Hata huko sheria zilikazwa baada ya msiba. Bunduki iliyomuua Rais John F. Kennedy mwaka 1963 ilikuwa Carcano ya masalio ya vita, iliyoagizwa kwa posta kwa bei ya chini. Miaka mitano baadaye Marekani ilipiga marufuku biashara ya namna hiyo.

Hapa Kenya pia mchezo wa shabaha upo, na uwanja wa Kirigiti, Kaunti ya Kiambu, ni mojawapo ya mahali unapofanyika. Wanaoucheza ni watu wenye vyeti, wenye silaha zilizosajiliwa, chini ya wasimamizi. Huo ni mbali sana na bunduki iliyofukuliwa chini ya mikeka.

Kuukuu haimaanishi imekufa

Wengi hudhani bunduki yenye kutu haina madhara. Ukweli ni kwamba inaweza kuwa hatari zaidi, tena kwa yule anayeishika.

Fataki za risasi za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi huvuta unyevu, unyevu hula chuma, na mtutu uliodhoofika unaweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Komeo lililochakaa halifungi sawasawa, na moto wa baruti hurudi nyuma. Risasi nazo huzeeka. Risasi kuukuu inaweza kuchelewa: mtu anavuta kifyatulio, kimya, anadhani imeharibika, anageuza mtutu auchungulie, ndipo inalipuka. Kuna pia wanaolazimisha risasi ya aina moja katika bunduki ya aina nyingine kwa kuwa inaelekea kuingia.

Zaidi ya yote kuna mtoto. Bunduki ya miaka themanini ikiwa na risasi moja chemba haimuulizi anayevuta ni nani.

Tahadhari hii inahusu pia maguruneti, mabomu na mabaki mengine ya vita ambayo wachungaji hukutana nayo malishoni. Usiguse, usirushie mawe, usiwashe moto karibu. Weka alama kwa mbali, waondoe watoto na mifugo, kisha toa taarifa.

Sheria inasemaje

Usalama wa taifa na polisi ni jukumu la Serikali ya Kitaifa chini ya Katiba ya 2010. Serikali ya Kaunti haitoi leseni za bunduki, wala haina uwezo wa kuzisamehe. Kazi yetu katika jarida hili ni kukupa habari sahihi.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamkataza mtu kununua, kupata au kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Vyeti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha, ambayo huangalia mwenendo wa mwombaji, utimamu wa akili yake na sababu yake ya kutaka silaha. Ukarabati na biashara ni vya wafanyabiashara waliosajiliwa, si vya fundi wa kuchomelea wa mtaani.

Urithi hauhamishi cheti. Hata kama marehemu alikuwa na kibali, kilikuwa chake. Na kama alikuwa askari wa akiba, bunduki aliyokuwa nayo ni mali ya serikali na lazima irudishwe. Silaha za kivita kama AK-47 na G3 zina uzito wa peke yake: kupatikana nazo kinyume cha sheria kunaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha maisha.

Je, bunduki kuukuu ni kitu cha kale? Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kinachohamishika kuwa cha kale kama kilitengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Bunduki iliyoletwa na vita vya 1941 haimo. Kwa vyovyote vile, usijiamulie nyumbani kwamba yako imezeeka mno kuitwa silaha. Uamuzi huo una wenyewe.

Ukiikuta, fanya hivi

1. Iache ilipo. Usiifungue, usiisafishe, usijaribu kutoa risasi.
2. Waondoe watoto na uwaambie watu wazima waliomo nyumbani.
3. Nenda kwa chifu, naibu wa chifu au kituo cha polisi bila bunduki, ueleze ilipo. Ukikutwa barabarani umeibeba, maelezo yako yatakuwa magumu kuaminika.
4. Nenda na mzee wa ukoo, imamu au mjumbe wa kamati ya amani ili awe shahidi.
5. Omba taarifa yako iandikwe katika kitabu cha matukio, upewe namba yake, na uihifadhi.
6. Usiiuze, usiigawe, usiitupe mtoni. Tana ikipungua hurudisha ilichopewa.

Mara kwa mara Serikali ya Kitaifa hutangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Sikiliza matangazo ya redio na mabaraza ya machifu.

Kuhusu woga

Tunajua kwa nini baadhi ya familia husita. Katika eneo letu, misako ya silaha imeacha makovu. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 imeandika yaliyotokea Bulla Kartasi mwaka 1980 na Wagalla mwaka 1984, na wako wazee waliopoteza ndugu ambao bado wako hai. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kulaumiwa kwa kutaka shahidi kando yake. Ndiyo maana tumeweka mzee, imamu na namba ya taarifa katika hatua zilizo hapo juu.

Kuna pia historia ya kujivunia. Azimio la Modogashe la 2001 liliwakutanisha wazee na viongozi wa jamii za eneo hili, na silaha haramu zilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyawekea masharti. Mwaka 2021 serikali iliteketeza bunduki 5,144 huko Ngong, baada ya nyingine 5,250 kuteketezwa mwaka 2016. Iliyochomwa haimrudii mwizi wa mifugo.

Kumbukumbu ya babu

Yule kijana aliyetaka bunduki iangikwe ukutani hakukosea kumkumbuka babu yake. Mwombe afisa ruhusa ya kuipiga picha kabla haijachukuliwa, nakili namba na maandishi yaliyogongwa juu yake, na uulize kama ina thamani ya kihistoria inayostahili kuelezwa kwa Makavazi ya Kitaifa. Kisha kaa na wazee waliobaki. Waulize babu alipigana wapi, alirudi lini, alitembea na nani. Andika au rekodi kwa simu.

Hadithi hiyo unaweza kuirithi bila cheti chochote, na ukaiweka mahali ambapo watoto wanaifikia.