Cheki Nganya Vizuri, Msee

Siku moja jioni ukifika steji ya Railways kungoja mathree ya Ronga, usipande ya kwanza. Simama kando, simu iingie mfukoni, alafu cheki nganya venye zinajipanga. Kuna moja itakuvuta kabla kange hajaita. Hujasoma jina, hujaskia ngoma, hujauliza ni pesa ngapi, na macho yashachagua. Mtu akikuuliza imekubambia nini, utasema "hiyo ni moto," alafu maneno yanaisha.

Mi nadai tuyapate hayo maneno. Ule mchoro wa nganya haukutokea tu. Kuna msee alisimama mbele ya bati tupu akaamua rangi gani ikae wapi, na kila kitu aliamua iko na jina. Ukijua hayo majina, hakuna ukuta, leso ama luku itakupita hivi hivi.

Rangi na tabia zake

Rangi yoyote iko na vitu tatu. Ya kwanza ni jina: nyekundu, buluu, njano. Ya pili ni mwangaza: iko karibu na nyeupe ama iko karibu na nyeusi? Nyekundu ukiitia nyeupe inakuwa pinki, ukiitia nyeusi inakuwa maruni, na zote ni familia moja. Ya tatu ni ukali: imewaka, ama imechoka kaa tishati yenye jua imekula?

Kwa rangi ya mkebe, zenye tulifunzwa shule ndio msingi: nyekundu, njano na buluu. Njano na buluu zinazaa kijani. Nyekundu na njano zinazaa chungwa. Nyekundu na buluu zinazaa zambarau. Zipange kwa duara, uone zenye zinaangaliana uso kwa uso: nyekundu na kijani, buluu na chungwa, njano na zambarau. Hao ni wapinzani, na mpinzani akikaa kando ya mwenzake anamwasha. Ndio maana kofia ya chungwa juu ya jinzi ya buluu inaonekana kutoka mbali. Lakini ukiwamwaga kwa mkebe mmoja wanauana, unabaki na rangi ya matope.

Sasa ingia ndani ya nganya usiku. Zile taa ziko na sheria yao. Msingi wa taa ni nyekundu, kijani na buluu. Mwanga mwekundu ukiangukia wa kijani, unapata njano. Zote tatu zikiwaka sawa, unapata nyeupe. Kwa mkebe, kila rangi unaongeza inameza mwanga. Kwa taa, kila rangi unawasha inaleta mwanga zaidi. Yaani nje gari inakufunza kitu moja, ndani inakufunza ingine.

Jina lisomeke ama lipotee

Nganya inapita mbio. Msee wa ng'ambo ya barabara ako na sekunde mbili kusoma jina. Hapo kinachosaidia sana ni tofauti ya mwangaza. Njano juu ya nyeusi inasomeka hadi mvua ikinyesha, ju moja iko juu kabisa na ingine iko chini kabisa. Nyekundu juu ya kijani inaweza kuwa kali kwa jicho, lakini zikiwa na mwangaza sawa herufi zinaanza kutetemeka, macho yanachoka, jina linapotea.

Kuna njia rahisi ya kupima. Piga nganya picha, alafu geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Jina likibaki wazi, mchoraji alijua kazi. Likizama, alitegemea rangi peke yake.

Kila kitu na mahali pake

Kupanga vitu ndani ya picha kunaitwa mpangilio, na hii si kitu ya kutoka mbali. Mathe yako ako nayo kabatini. Leso iko na pindo linalozunguka, mji katikati, na jina pale chini. Pindo linashikilia macho yasitoke, mji unayaita, jina linaongea.

Nganya ni hivyo hivyo. Ile sura kubwa imechorwa nyuma ndio kitovu, mahali jicho linatua kwanza. Madirisha ya kando yanarudiarudia, na hiyo ndio mdundo. Ukiweka kitu kizito upande mmoja, upande ule mwingine unadai kitu cha kuushikilia. Hiyo ni mizani. Alafu cheki sura ya ubavuni inaangalia wapi. Ikiangalia mbele, gari inakaa kaa inaenda hata ikiwa imesimama. Ikiangalia nyuma, inavuta macho kinyume na mwendo.

Kuna mstari wa njano pia. Sheria za mathree za waziri Michuki zilianza kushika 2004, zikaleta mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na huo mstari kuzunguka gari. Mchoraji mzembe anaacha uikate picha kiuno. Mwenye anajua anaugeuza sakafu, watu wake wanasimama juu yake.

Yenye wasee wengi husahau ni nafasi tupu. Ukijaza kila inchi, hakuna kitu kinaonekana. Bodi nyeusi tupu karibu na jina ndio inalipa jina sauti.

Wasanii wa gallery washaona hii kitambo. Dennis Muraguri huchonga mbao na kuchapa mathree za Nairobi kwa karatasi, na watu huzitundika ukutani kwa keja zao. Gari ni ile ile inapita mbele yako kila asubuhi.

Sasa kazi ni yako. Wikendi hii chagua nganya moja, iangalie dakika tano, utaje vitu tano: kitovu, wapinzani, tofauti ya mwangaza, mdundo na nafasi tupu. Alafu tafuta msee aliichora, umwambie venye alipatia, na ukiwa na kibanda ama ukuta wa kuchorwa, mpe kazi na umlipe vizuri. Hawa wachoraji wametufunza kuona bila kutuitisha hata shilingi moja. Tuwajue kwa majina, na tuwalipe kaa mafundi.