Bizari ya Nyumbani: Kukausha Majani na Kusaga Viungo Wenyewe

Mwagize kijana bizari dukani Nizwa, atarudi na mchanganyiko uliokwisha sagwa. Mwagize Dar es Salaam, muuzaji atamwuliza kwanza: nyembamba au manjano? Neno ni moja, asili yake Kiarabu, lakini vikapu ni viwili. Sisi wenye asili ya Zanzibar tumekaa katikati: uzile wa bibi zetu ndio sanut ya majirani. Na katika nyumba nyingi vipimo vya bizari viko kichwani mwa mzee mmoja tu. Akiondoka, tunabaki na pakiti za dukani. Kwa hiyo naeleza tunavyofanya kwetu Ibra.

Tuanze na majani. Nanaa, mrehani na zaatari huota vizuri kwenye vyungu, hasa wakati huu wa baridi. Chuma asubuhi umande ukishakauka, kabla mmea haujatoa maua. Osha, pangusa maji, funga vishada vidogo, kisha ning'iniza kivulini penye upepo. Jua letu linashawishi, najua, lakini hufukuza mafuta yenye harufu na kuliacha jani na rangi ya nyasi kavu. Jua ni la pilipili na ndimu.

Ibra na Nizwa hewa ni kavu, na kwa kawaida siku 4 au 5 zinatosha. Sur ni habari nyingine. Bahari iko mlangoni, na kiangazi hata usiku hewa imejaa maji. Huko tandaza majani kwenye sinia ndani ya chumba chenye kiyoyozi, kwani kiyoyozi hupunguza unyevu. Au tumia oveni, nyuzi 50 hivi, mlango wazi kidogo. Jani lililo tayari husagika vidoleni na kijiti chake hukatika kwa mlio. Kikipinda tu, bado. Ukikifungia chupani kitaota ukungu, na hapo chupa nzima ni ya kutupa. Kotmiri usijisumbue nayo: ikikauka harufu yake karibu yote huondoka. Ikatekate uiweke friza.

Ndimu kavu, lumi, huchemshwa dakika chache katika maji ya chumvi, kisha huanikwa juani wiki kadhaa mpaka iwe nyepesi na ngumu. Wairani huiita limu amani, yaani ndimu ya Oman, na Wairaqi wanaitaja kwa bandari ya Basra. Kila mtu na bandari yake! Kabla ya kuisaga toa mbegu, zina uchungu.

Sasa bizari yenyewe. Kwetu ni giligilani vikombe 2, uzile kikombe 1, pilipili manga nusu kikombe, mdalasini vijiti 4, hiliki vijiko 2, karafuu kijiko 1 cha chai, na pilipili kavu kadiri ya watoto wanavyostahimili. Karafuu usiongeze kwa mapenzi ya Unguja, hufunika vyote. Kaanga kila kiungo peke yake bila mafuta, moto mdogo, kwa sababu uzile huungua wakati giligilani bado haijapata moto. Acha vipoe kabisa ndipo usage, la sivyo mvuke utaifanya bizari igande mabonge. Manjano ya unga huingia mwisho, vijiko 2, bila kukaangwa.

Viungo vizima hukaa muda mrefu kuliko unga, basi saga kidogo kidogo, weka chupa mbali na jiko na uandike tarehe. Ya shuwa ya Idi saga siku ile ile unayopaka nyama, pamoja na kitunguu thomu na siki.

Na kama bibi yupo, usimwulize vikombe vingapi, atakujibu "kiganja". Mwache achote kwa mkono wake, nawe weka mizani chini ya bakuli, uandike gramu za kila kiungo kabla hajamimina kingine.